Ludwig Rehn, Mpasuaji Aliyeushona Moyo

Katika sura hii tumeeleza viambishi -li-, -ka-, -ki- na -ngali-. Habari ifuatayo inavionyesha vikitumika pamoja.

Ludwig Rehn alizaliwa Ujerumani mwaka 1849, mwana wa daktari. Alisomea udaktari Marburg, kisha akafanya kazi Frankfurt. Mwaka 1895 alieleza kuwa wafanyakazi wa viwanda vya rangi walikuwa wakipata uvimbe wa kibofu kutokana na kemikali walizozishika.

Zama hizo, aliyechomwa kisu moyoni alihesabiwa miongoni mwa wafu. Wapasuaji wa Norwei na Italia walikuwa wamethubutu kuushona moyo, lakini wagonjwa wao walifariki baada ya siku chache. Septemba 1896, kijana mtunza bustani mwenye umri wa miaka 22 aliletwa hospitalini Frankfurt akiwa na jeraha la kisu. Rehn hakuwapo. Aliporejea, tarehe 9, alimkuta akihema kwa shida, damu ikizidi kujaa kifuani. Kama angalimwacha, asingalilaumiwa na mtu.

Rehn akakifungua kifua, akaupasua utando unaoufunika moyo, akaona tundu la sentimita 1.5 katika chumba cha chini cha upande wa kulia. Akaliziba kwa kidole, akalishona kwa uzi wa hariri mara tatu, akiukaza uzi kila moyo ulipolegea baina ya mapigo. Damu ikakoma. Kijana akapona.

Mwaka uliofuata aliwaeleza wapasuaji wenzake mjini Berlin, nao wengi wakaifuata njia hiyo. Kufikia 1907 alikuwa amekusanya habari za wagonjwa zaidi ya 100 walioshonwa moyo. Takribani wanne katika kila kumi walipona. Alifariki mwaka 1930. Katika Vita Vikuu vya Pili, Dwight Harken wa Marekani aliondoa vipande vya makombora mioyoni mwa askari.

Kwa mwalimu aliye mbali na hospitali kubwa, habari hii ina funzo: kitu kilichonasa kifuani kisichomolewe, kwani huenda ndicho kinachoziba tundu. Majeruhi apelekwe upesi, kitu kikiwa palepale.

Maelezo

Wanafunzi wetu huirudia -li- katika kila kitenzi. Tuwaonyeshe kwamba -li- huanzisha habari, -ka- huifululiza, na -ki- huonyesha tendo linaloendelea sambamba na jingine.

Zoezi

1. Orodhesha vitenzi vyenye -ka- katika aya ya nne.
2. Geuza sentensi yenye -ngali- iwe ya -nge-, kisha eleza tofauti ya maana.