Maisha ya Daktari Robert Koch na Ugonjwa wa Malale

Wazee wa bonde la Kilombero waujua ugonjwa wa malale. Mtu huanza kwa homa na kuumwa na kichwa, na tezi za shingo huvimba. Halafu ugonjwa huingia katika ubongo: tabia yake hugeuka, mikono hutetemeka, maneno hayana maana, mchana husinzia hata tonge likiwa bado mkononi, na usiku hana usingizi. Wengi walidhaniwa kuwa wamerogwa au wameshikwa na wazimu. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa bonde hili waliokaa mbalimbali porini, ikawakusanya katika vijiji vikubwa, ili waepukane na ndorobo. Kwa hiyo nimeona vema kuandika habari za bwana mmoja aliyeshindana na ugonjwa huu zamani, pamoja na kosa lake.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya migodi, mwenye watoto wengi. Alisomea uganga Göttingen, akamaliza mwaka 1866, akawa daktari wa wilaya, mbali na vyuo vikubwa. Huko, kwa darubini na panya wachache, aliichungua kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na kondoo, akaonyesha mwaka 1876 kwamba huletwa na kidudu kisichoonekana kwa macho. Mwaka 1882 akaonyesha kidudu cha kifua kikuu. Jina lake likaenea duniani pote, na mwaka 1905 akapewa nishani ya Nobel.

Hata mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, akachungua malaria na tauni. Mwaka 1905 akarudi, akaonyesha kwamba papasi wa nyumbani ndiye aletaye ile homa ya kurudi-rudi, na kwamba mayai yake hurithi vidudu vile. (Rudolf Geigy wa Uswisi alipofungua maabara yake Ifakara mwaka 1957, papasi huyo huyo alikuwa miongoni mwa wadudu aliowachungua.)

Siku zile malale ilikuwa ikiteketeza watu kando ya ziwa la Viktoria Nyanza. Katika Uganda yadhaniwa walikufa zaidi ya 200,000. Aldo Castellani alikuwa ameona vidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa mwaka 1903, na David Bruce akamtambua ndorobo kuwa ndiye mchukuzi. Lakini dawa haikuwapo. Basi mwaka 1906 Koch, mzee wa miaka 62, akaenda visiwa vya Sese pamoja na wasaidizi wake.

Kazi ya kumtambua mgonjwa ilikuwa hivi: daktari hupapasa shingo, hutoboa tezi iliyovimba kwa sindano, hutia tone la maji yake chini ya darubini, na kutafuta kidudu chembamba kinachojinyonganyonga. Kwa njia hii aliweza kumpata mgonjwa kabla usingizi haujamshika.

Dawa aliyoijaribu iliitwa atoksili, nayo ina sumu ya aseniki. Alidunga nusu gramu, na matokeo yakawa ya kufurahisha: vidudu vilitoweka katika tezi, na baadhi ya waliokuwa wakibebwa wakasimama kwa miguu yao. Habari zikaenea, na wagonjwa wakaja kwa mamia. Lakini baada ya muda vidudu vilirudi. Ndipo Koch akaongeza kipimo hata gramu nzima. Wagonjwa waliona maumivu makali, na wengine wakaikimbia sindano. Macho ya wengine yakaanza kufifia, na watu 22 wakapofuka kabisa. Koch akarudia kipimo kidogo, lakini wale hawakuona tena. Mimi namheshimu bwana huyu. Hata hivyo kosa hili siwezi kulipitia upesi. Mgonjwa wa Sese alitoa mkono wake kwa kumwamini mgeni, na maumivu yale yalikuwa onyo tosha la kusimama.

Alishauri pia wagonjwa wakusanywe kambini, vichaka vya pwani vikatwe, na mamba waangamizwe, kwa kuwa ndorobo hunywa damu yao. Sisi tukaao kando ya mto Kilombero twajua kwamba shauri hilo la mamba lilikuwa rahisi kwenye karatasi tu.

Koch alirudi kwao mwaka 1907, akafa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, alibaki Afrika, naye mwaka 1909 alionyesha kwamba vidudu hukua siku nyingi ndani ya ndorobo kabla hajaweza kuambukiza. Mwaka 1921 Kleine alirudi Afrika na dawa nyingine, Germanin, iliyofaa kabla ugonjwa haujafika ubongoni. Atoksili iliachwa. Siku hizi vipo vidonge vya feksinidazoli, ambavyo mgonjwa huvimeza pamoja na chakula.