Julai 5: Siku Kenya ilipompoteza Tom Mboya

Jumamosi, Julai 5, 1969, Tom Mboya alitoka katika duka la dawa jijini Nairobi, akapigwa risasi na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 38, Katibu Mkuu wa KANU na Waziri wa Mipango ya Uchumi.

Asili yake ni kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, ingawa alizaliwa Agosti 15, 1930, karibu na Thika, ambako babake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Alianza kama mkaguzi wa afya, akainuka kupitia vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mnamo Septemba 1959, kwa juhudi zake, wanafunzi 81 walisafiri kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Mpango huo ndio uliomsafirisha Wangari Maathai mwaka 1960, aliyetunukiwa Nobel ya Amani 2004.

Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia ya mauaji hayo, akanyongwa mwaka huo huo. Mboya alizikwa Rusinga. Swali la nani aliyemtuma muuaji halijazikwa.