DAUDI NA NYUMBA ILE MUNGU ALIMUAHIDI

Mara hii tunaandika juu ya mfalme Daudi. Habari ya Goliati wote tunaijua tangu utoto, basi nitaipita.

Daudi alizaliwa Betelehemu, kijana wa mwisho kati ya wanane wa Yese. Samweli alimpaka mafuta wakati angali anachunga kondoo, lakini hakukaa kwenye kiti mara moja. Kwanza alikimbia mbele ya Saulo, akilala ndani ya mapango. Alipofika miaka 30 ndipo alianza kutawala: miaka saba na nusu kule Hebroni, kisha miaka 33 Yerusalema. Ilikuwa karibu miaka 1000 mbele ya Kristo.

Vita ilipotulia, Daudi aliona haya. Yeye analala ndani ya nyumba ya mierezi, na sanduku la Mungu liko ndani ya hema! Akataka kumjengea Mungu nyumba. Nabii Natana alimkubalia palepale (hata nabii anaweza kujibu mbio mbio), lakini usiku ule ule Mungu akamtuma na neno lingine. Si Daudi atakayemjengea Mungu nyumba, ni Mungu atakayemjengea Daudi. Hapo neno nyumba linageuka. Hata sisi tukisema nyumba ya fulani, hatufikiri matofali na manjanja tu, tunafikiri watoto na wajukuu wake. Kwa Kiebrania ni vilevile. Mungu aliahidi ya kwamba kiti cha Daudi kitadumu milele. Mwana akikosa atapigwa fimbo, lakini rehema haitamtoka kama ilivyomtoka Saulo.

Tunapashwa kuangalia mahali pa habari hizi. Agano liko 2 Samweli sura ya 7. Habari ya Bati-Seba na kuuawa kwa Uria iko sura ya 11. Agano njo lilitangulia, zambi ikafuata. Na fimbo ilikuja kweli: mtoto mchanga alikufa, Amnoni aliuawa na ndugu yake, Absalomu alimfukuza baba yake, na mzee Daudi akapanda mlima wa Mizeituni miguu wazi, akilia. Wengi kati yetu tunafikiri Mungu anatoa pointi kama mwalimu: ukikosa, unarudia mwaka ao wanakufukuza. Daudi alipigwa sana, lakini hakufukuzwa.

Shida kubwa ilikuja nyuma yake. Karibu mwaka wa 587 mbele ya Kristo, watu wa Babeli walichoma Yerusalema. Sedekia, mfalme wa mwisho wa ukoo ule, aliona watoto wake wanauawa, kisha akatobolewa macho. Kiti kikabaki bila mtu. Zaburi ya 89 inamlilia Mungu waziwazi juu ya agano linaloonekana limevunjika. Napenda Zaburi ile, juu haifichi kitu.

Lakini mjukuu mmoja wa Daudi, Yehoyakini, alikuwa angali mzima kama mfungwa kule Babeli. Vibao vya udongo vilivyochimbwa kule, na kutangazwa mwaka wa 1939, vinaandika posho ya mafuta ya mfalme huyu wa Yuda na watoto wake watano. Mwenye kuandika alihesabu mafuta tu. Hakujua kama nyumba ya Daudi ingali hai mbele yake. Mathayo anaandika jina la mfungwa huyu, Yekonia, katika ukoo wa Yesu.

Watu walingoja mwana wa Daudi atakayefukuza Waroma. Yesu akasulubiwa, na juu ya kichwa chake wakaandika kwamba ni mfalme wa Wayahudi. Lakini ahadi ilisema milele. Wafalme wanaokufa mmoja nyuma ya mwingine hawakuweza kuitimiza, na mstari wao ulikatika. Ilihitajiwa mfalme mmoja asiyekufa tena. Kwa hiyo Petro, siku ya Pentekoste, aliposhuhudia ufufuko, alianza na Daudi. Aliwakumbusha watu wa Yerusalema kwamba mfalme wao alikufa, akazikwa, na kaburi lake liko palepale mjini kwao. Kisha akawaambia juu ya kaburi lingine, ambalo halikuweza kumshika mtu wake.