Tom Mboya: Mwana wa Kilima Mbogo na Kura ya Nairobi Mashariki

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Asili ya wazazi wake ilikuwa kisiwa cha Rusinga, Nyanza, lakini babake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge la mlowezi William Northrup McMillan. Mashamba ya mkonge na kahawa ya Thika na Ruiru yaliwavuta vibarua wa makabila mengi. Katika mazingira hayo Mboya alijifunza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili sambamba na Kijaluo. Alisoma Kabaa, Ukambani, kisha Yala, na baadaye Mang'u, si mbali na Thika.

Alihitimu kuwa mkaguzi wa afya jijini Nairobi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Wakati wa Hali ya Hatari, shirikisho hilo lilipinga kamatakamata iliyowaandama wafanyakazi Wakikuyu.

Mwaka 1957 Waafrika walichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Mboya alimshinda Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenzake. Hata hivyo, Wakikuyu waliopiga kura walikuwa wachache, kwa kuwa walitakiwa kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali. Ushindi huo, basi, haukuonyesha iwapo kabila jingine lingemkubali.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1961, katika eneo la Nairobi Mashariki. Wapigakura wengi walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake, Dkt. Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Isitoshe, baadhi ya vigogo wa KANU, chama ambacho Mboya alikuwa katibu mkuu wake, walimuunga mkono Waiyaki. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000. Mpinzani wake hakufikisha 3,000. Wapigakura walimjua kwa utetezi wa wafanyakazi, kwa kudai Kenyatta aachiliwe, na kwa ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959. Utaifa kwao haukuwa nadharia. Ulikuwa kazi iliyoonekana.

Utaifa huo haukuwa na kinga. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya, akiwa waziri mwenye umri wa miaka 38, alipigwa risasi katika barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alikuwa Mkikuyu. Uhasama wa kikabila ulipanda. Mwezi Oktoba chama cha KPU kilipigwa marufuku, na uchaguzi wa Desemba ukafanyika katika kivuli cha msiba huo.

Tangu mwaka 2013, wakazi wa Thika na Ruiru wamekuwa wakichagua gavana wa Kaunti ya Kiambu. Miji hiyo ingali inawapokea watafuta kazi kutoka kila pembe ya Kenya, na watoto wao huzaliwa huko kama alivyozaliwa Mboya. Mmoja wao akisimama kuomba kura, mpigakura atakabiliwa na swali lile la 1961: je, atapima asili ya mgombea au utumishi wake?