Henrietta Lacks: Mkulima wa tumbaku ambaye seli zake hazikufa

HENRIETTA Lacks alipofariki mnamo Oktoba 4, 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alikuwa na umri wa miaka 31 na mama wa watoto watano. Alizikwa Clover, Virginia, alikolelewa na babu yake katika kilimo cha tumbaku. Kaburi lake halikuwa na jiwe la kumtambulisha hadi 2010.

Hata hivyo, sehemu ya mwili wake ilikuwa ingali hai. Mapema mwaka huo wa 1951, alipokuwa akitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, daktari alimega kipande cha uvimbe huo bila kumwomba idhini, kikapelekwa katika maabara ya Dkt George Gey. Kwa miaka mingi Gey alikuwa amejaribu kukuza seli za binadamu nje ya mwili, nazo zikifa. Za Henrietta ziliongezeka maradufu kila baada ya takriban saa 24. Zilipewa jina HeLa, zikatumiwa kupima chanjo ya polio ya Dkt Jonas Salk, zikagandishwa na kusambazwa kote duniani.

Uhai huo ndio uliozua balaa. Mnamo 1966 mtaalamu wa jenetiki, Stanley Gartler, alitangaza kuwa amechunguza aina 18 za seli zilizodhaniwa kutoka kwa watu mbalimbali, na zote zilikuwa na kimeng'enya cha aina inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Kumbe zilikuwa za Henrietta! Tone moja tu lililosalia kwenye kifaa lilitosha kuvamia chupa nyingine na kuzishinda seli zilizokuwemo. Waliodhani wanachunguza ini au utumbo walikuwa wakichunguza saratani ya mama huyu, na si wote waliokubali kuambiwa hivyo.

Ili kuzitambua seli hizo, watafiti waliwaendea jamaa zake mnamo 1973 wakitaka damu. Hapo ndipo familia, baada ya miaka 22, ilipofahamu kuhusu seli hizo. Baadhi ya watoto walidhani wanapimwa saratani.

Siku hizi hifadhi za seli, zikiwemo za seli shina, hupima vinasaba vya akiba zao ili kuthibitisha asili yake, nazo huhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sufuri. Nao warithi wa Henrietta waliishtaki kampuni ya Thermo Fisher kwa kujitajirisha na seli hizo, wakaafikiana nayo mwaka wa 2023. Masharti ya mapatano hayo hayakutangazwa.