John Speke: Msafiri aliyeacha usikivu wake Ziwa Tanganyika

MGENI anayefika Ujiji, mkoani Kigoma, huonyeshwa mahali ambapo Henry Morton Stanley alikutana na Dk. David Livingstone mwaka 1871. Jina la John Hanning Speke hutajwa kwa nadra zaidi, ingawa yeye na Richard Burton walifika katika mji huo miaka 13 kabla ya mkutano huo. Ni wachache zaidi wanaofahamu kwamba Speke aliondoka katika ziwa hilo akiwa karibu kiziwi wa sikio moja, kwa sababu ya mdudu mdogo na kisu alichokishika mwenyewe.

Speke alizaliwa Mei 4, 1827, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1844 alijiunga na jeshi la Kampuni ya India Mashariki huko Bengal, akapigana katika vita dhidi ya Masingasinga wa Punjab. Likizo zake alizitumia kuwinda na kupima ardhi katika milima ya Himalaya. Mwaka 1854 alikutana na Burton mjini Aden. Mwaka uliofuata kambi yao ya Berbera, katika pwani ya Somalia, ilivamiwa usiku. Speke alitekwa na kuchomwa mikuki mwilini mara kadhaa, lakini aliponyoka na akapona.

Juni 1857 wawili hao walianza safari kutoka pwani inayokabili Zanzibar, wakifuata njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyopita Kazeh, yaani Tabora ya leo. Nia yao ilikuwa kulifikia ziwa kuu lililosimuliwa na wafanyabiashara, na kujua kama Mto Nile ulitoka humo. Walilifikia Ziwa Tanganyika Februari 13, 1858, wakiwa hoi. Burton alikuwa amekufa ganzi miguu. Speke aliugua macho kiasi kwamba maji yale aliyoyatafuta kwa miezi minane aliyaona kama ukungu mtupu.

Mwanzoni mwa Machi, Speke aliondoka Ujiji kwa mtumbwi kuvuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na ufuo ambao leo ni wa Kongo. Alikwenda kumwomba mfanyabiashara wa Kiarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, awakodishe jahazi. Miongoni mwa aliofuatana nao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India, ambaye alikuwa mkalimani wake kwa lugha ya Kihindustani.

Njiani walilala katika kisiwa cha Kivira. Usiku dhoruba ilivuma na kuling'oa hema. Upepo ulipotulia, Speke aliwasha mshumaa ili apange upya vitu vyake, na mara mbawakawa weusi wakajaa hemani. Alipochoka kuwafukuza alijilaza. Mmoja wao akapenya sikioni, akaanza kuchimba. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, lakini mdudu hakutoka. Kwa maumivu yasiyovumilika alichukua kisu kidogo cha mfukoni, akakiingiza sikioni. Mdudu alikufa, lakini sikio nalo likajeruhiwa vibaya.

Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa tulitazame fuvu la kichwa. Sikio tunalolishika kwa mkono ni mlango tu. Tundu lake kwa mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita mbili na nusu. Sehemu ya mwanzo imezungukwa na gegedu, na iliyobaki imetobolewa ndani ya mfupa wa panja, ulio ubavuni mwa kichwa. Mwisho wa tundu hilo pana kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo pana chumba kidogo chenye hewa, ambamo vifupa vitatu, vilivyo vidogo kuliko vyote mwilini, hupeleka mtikisiko wa sauti ndani zaidi.

Mfupa huo umebeba mambo mengi mahali padogo. Mbele tu ya tundu ndipo taya la chini linapoungana na fuvu. Mshipa wa fahamu unaotawala misuli ya uso hupita ndani yake. Nyuma ya sikio mfupa una vijumba vya hewa mithili ya sega la nyuki, na dari ya kile chumba kidogo ni mfupa mwembamba unaokitenga na ubongo. Usaha ukiingia humo hauna safari ndefu ya kufika penye hatari.

Mwili wa Speke uliieleza ramani hiyo bila kuhitaji daktari. Uvimbe ulienea kutoka sikioni hadi begani, majipu yakatoka, uso wake ukavutwa upande. Hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi kwa siku kadhaa. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta ya sikio kwa zaidi ya miezi sita. Kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi, na waliomsikia walicheka. Yeye aliamini kwamba tundu jipya lilikuwa limetoboka kati ya sikio na pua. Kwa elimu ya leo, yaelekea njia hiyo ilikuwapo tangu kuzaliwa kwake, maana kila binadamu ana mrija unaounganisha chumba cha sikio na nyuma ya pua. Kilichokuwa kipya ni kutoboka kwa kiwambo, na hewa ikapata mlango wa kutokea.

Hakukuwa na dawa za kuua vijidudu wakati huo, kwani penisilini iligunduliwa mwaka 1928. Kuponea kwake ilikuwa bahati.

Jahazi nalo halikupatikana, kwa kuwa Sheikh Hamed alimtaka asubiri miezi mitatu. Speke alirejea Ujiji na habari moja tu: kwamba upande wa kaskazini pana mto mkubwa utokao ziwani. Baadaye Bombay alidai kuwa sheikh alisema mto huo huingia. Aprili walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira, ambako wenyeji waliwaambia kuwa Mto Ruzizi huingia ziwani, lakini hawakufika mdomoni mwake. Livingstone na Stanley ndio waliolithibitisha jambo hilo Novemba 1871.

Burton alipobaki Kazeh akiugua, Speke alikwenda kaskazini, na Agosti 3, 1858 akasimama Mwanza mbele ya ziwa alilolipa jina la Malkia Victoria. Aliamini kwamba hapo ndipo chimbuko la Nile. Julai 28, 1862, katika safari ya pili aliyoanza pamoja na James Grant, aliuona mto ukitoka ziwani mahali palipo Jinja ya leo. Burton hakukubali, na urafiki wao ukageuka uadui.

Wawili hao walitarajiwa kukabiliana mjini Bath Septemba 16, 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akipanda ukuta wa mawe wakati wa kuwinda. Uchunguzi uliamua kuwa ni ajali. Alikuwa na umri wa miaka 37, na alizikwa Dowlish Wake, Somerset. Safari ya Stanley ya mwaka 1874 hadi 1877 ilionyesha kuwa kuhusu ziwa lile Speke alikuwa sahihi.

Kwa wakazi wa mwambao wa Kigoma, habari zake zina funzo la karibu zaidi. Mbawakawa bado huufuata mwanga wa taa usiku, na kijiti, pini au kisu bado ni adui wa sikio kuliko mdudu mwenyewe. Leo aliyepatwa na mkasa kama wa Speke anaye mganga wa hospitali wa kumwendea. Speke, katika usiku ule wa Kivira, hakuwa naye.