Bell wa Karamoja, mwindaji aliyepima kila mzigo

Kabla ya malori kuanza kupita Busia na Malaba, mizigo ya ukanda huu ilibebwa vichwani na kila ratili ilikuwa na gharama yake. Aliyelijua hilo vizuri ni Walter Bell, mwindaji aliyezaliwa Scotland mwaka 1880 na kufika Mombasa mwaka 1897 akiwa bado kijana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alitoka na msafara wake Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo, kwenda Karamoja nchini Uganda kutafuta pembe za ndovu. Wawindaji wengi walipenda bunduki kubwa na nzito. Bell alichagua nyepesi, ya milimita 7, ambayo hata risasi zake hazikuwaelemea wapagazi. Lakini risasi ndogo ikikosa mahali pake, mpigaji yuko hatarini. Kwa hiyo alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi. Aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki za aina hiyo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani wa ndege. Alifariki Scotland mwaka 1954.

Biashara iliyomtajirisha si halali tena. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kufunga soko la kimataifa la pembe. Ndugu msafirishaji, kagua mzigo kabla ya kufunga turubai. Pembe moja iliyofichwa humo yaweza kukugharimu gari na uhuru wako.